Sindano ya adalimumabu kwa baridi yabisi: kabla hujachoma ile ya kwanza

Dada yangu wa Tanga, salama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kwa wengine wanaosoma acha niueleze kwa kifupi. Wewe ni mwalimu, una miaka 34, baridi yabisi inakusumbua mwaka wa 6 sasa, asubuhi vidole vinakaza mpaka chaki inakudondoka mbele ya watoto. Umetumia methotreksati na prednisoloni na bado, daktari wako wa Dar akakuandikia adalimumabu, kaka yako aliyeko Muscat akanunua kalamu mbili za sindano hiyo zikaja na mgeni ndani ya begi, na sasa ziko kwenye friji yako. Ukafungua karatasi ya ndani ukakuta TB, saratani, kifo, na mama mkwe akasema dawa gani hiyo ya kuua kinga ya mtu, usiiguse. Unauliza kama ni salama na utajilinda vipi, na unasema mwakani mnataka mtoto wa pili. Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, ukaandika kwamba ulipokuwa sekondari uliishi kwa baba mdogo aliyekuwa anaumwa kifua kikuu.

Hicho cha chini ndo kikubwa kuliko vyote ulivyoandika. Dawa yenyewe ni nzuri, nimeona watu waliokuwa wanafungiwa vifungo vya shati na watoto wao wakarudi kushona nguo, kwa hiyo sikuambii uiogope. Lakini hiyo sindano ya kwanza usiichome mpaka upimwe TB ambayo imelala, na homa ya ini B, na majibu yasomwe na mtu anayejua unaanza dawa gani. Je, ulishapimwa? Maana kwenye ujumbe wako hamna sehemu umetaja kipimo hata kimoja.

Ngoja nikueleze kwa nini nang'ang'ania TB. Mwili unatengeneza kitu kinaitwa TNF, kazi yake ni kama mbiu ya mgambo, ikilia askari wa mwili wanajua kuna jambo wanakimbilia huko. Kwenye baridi yabisi mbiu inalia usiku na mchana wakati jambo hamna, askari wanaishia kupiga maungio yako wenyewe, ndo huo uvimbe na moto unaousikia kwenye vifundo. Adalimumabu inaiziba ile mbiu, inaikamata TNF isifanye kazi, na maumivu yanashuka. Sasa vijidudu vya TB ukishavivuta mara nyingi havikuumizi siku hiyo, mwili unavizungushia boma la askari, vinakaa humo ndani miaka 10, 20, hukohoi, hukondi, hujui. Na kinachowashika wale askari wasiondoke kwenye boma lao ni hiyohiyo TNF. Ukiiziba, boma linalegea, waliolala wanaamka.

Hili halijakisiwa tu mezani. Mwaka 2001 huko Marekani zilikusanywa taarifa za watu 70 waliopata TB baada ya kutumia infliksimabu, ambayo ni ndugu wa dawa yako, na wengi waliugua mapema, nusu yao ndani ya wiki 12 hivi tangu waanze, tena zaidi ya nusu haikuwa TB ya mapafu peke yake, ilikuwa kwenye tezi, kwenye tumbo, au imesambaa mwilini. Na wengi wao walitoka nchi ambazo TB ni chache! Sisi Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo wote tumo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na wewe juu ya hapo umelala nyumba moja na mgonjwa. Kwa hiyo mi nikiona mtu wa kwetu anaanza hii dawa bila kupimwa nakosa amani kabisa.

Kupimwa kwenyewe sio kugumu. Utaulizwa historia, hapo umtaje baba mdogo usimfiche, sio aibu ya ukoo. Utapigwa eksirei ya kifua. Halafu utachomwa kipimo cha Mantoux ndani ya ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku 2 mpaka 3 kinapimwa uvimbe kwa rula, na kwa mtu wa dawa kama zako uvimbe mgumu wa milimita 5 tu unatosha kuhesabiwa kuwa unayo. Wekundu hauhesabiwi, kinachopimwa ni ule ugumu unaousikia kwa kidole. Kipo pia cha damu kinaitwa IGRA, hicho hakidanganywi na chanjo ya BCG uliyopewa utotoni, ila hakipatikani kila mahali na bei yake imesimama. Halafu kuna jambo watu wanalisahau, prednisoloni unayomeza inaweza kuuzubaisha mwili Mantoux isivimbe hata kama TB ipo, ndo maana kwa historia yako daktari anaweza kuamua akupe kinga ya TB hata kama kipimo kimekuja safi. Usimbishie akisema hivyo.

Ikionekana ipo na imelala, unapewa dawa ya kuzuia, mara nyingi ni isoniazidi kila siku kwa miezi 6 au zaidi pamoja na vitamini B6 miguu isiingie ganzi, au ule mpango mfupi wa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12. Kwa kawaida tunataka umeze angalau mwezi mmoja ndo adalimumabu ianze. Najua mwezi ni mrefu kwa mtu anayelia usiku kwa mikono, lakini umesubiri miaka 6 dada, mwezi huu mmoja usiuruke. Na hapa kuna mitego miwili. Kwanza isoniazidi na methotreksati zote zinagusa ini, kwa hiyo damu ipimwe ini mwanzoni na kila baada ya muda, na ukiona macho ya njano, mkojo kama koka, au chakula kinakukinai, simamisha uende hospitali siku hiyohiyo. Pili rifapentini, na nduguye rifampisini, zinazidhoofisha vidonge vya majira na vijiti, na wewe bado uko kwenye methotreksati ambayo ukishika mimba inaharibu mtoto. Umeona zinavyofungana? Kila anayekuandikia dawa akuulize unatumia nini kingine, asipokuuliza we mwambie mwenyewe.

Homa ya ini B ni sindano moja ya damu tu lakini isirukwe. Kuna watu wamebeba virusi vimetulia na hawana habari, wakianza dawa hii virusi vinaamka na ini linaharibika kwa kasi. Waombe wapime ile ya kawaida na pia ile inayoonyesha kama uliwahi kuupata zamani, maana ya kawaida peke yake inaweza kukuficha. Ukikutwa nao sio mwisho wa safari, kuna dawa unapewa ya kuvishikilia huku ukiendelea na matibabu yako. HIV pia ipimwe, na picha kamili ya damu.

Sasa tuseme vyote vimekuja vizuri umeanza. Cha kwanza kukutokea mara nyingi ni pale ulipochoma, panakuwa pekundu, panawasha, pengine pamevimba kama umeng'atwa na siafu, siku 2 au 3 panaisha. Kitambaa cha maji baridi kinatosha. Mafua ya mara kwa mara, kichwa kuuma, upele kidogo, tumbo kuchafuka, hivyo vipo na wengi wanavivumilia. Sindano ichome kwenye paja au tumbo, mbali na kitovu, na zamu hii paja la kulia basi ijayo la kushoto, usirudie sehemu ileile wala penye kovu au jeraha. Itoe kwenye friji nusu saa kabla ikae mezani yenyewe, usiichovye kwenye maji ya moto wala kuianika, baridi ndo inayofanya iume zaidi. Midomo ikivimba, pumzi ikabana au mwili mzima ukatoka mabaka baada ya kuchoma, hiyo ni aleji kali, ni kukimbia hospitali na sindano hiyo hurudii tena.

Kinachoniumiza roho mimi ni homa, homa ndo sehemu watu wetu wanapopotelea. Nilimhudumia baba mmoja fundi seremala, alikuwa mwezi wa 4 kwenye dawa ya aina hii, migongo na magoti vimetulia, anapanda ngazi, raha tupu. Homa zikaanza za jioni jioni. Akaenda duka la dawa baridi akapewa mseto wa malaria, zikapungua kidogo zikarudi, akapewa mseto tena, halafu antibayotiki ya vidonge vya rangi mbili, wiki zikapita 5. Kila alipopita hakutaja sindano yake kwa sababu anasema ile ni ya magoti, inahusiana nini na homa. Alipofika kwangu mkewe ndo aliyeongea, akasema daktari, kila usiku nabadilisha shuka, nikikamua linatoa maji. Nikamshika shingo nikakuta tezi tatu zimeshikana kama kunde kwenye ganda. TB, ya tezi na ya tumbo, na kifua chake kwenye eksirei kilikuwa kisafi kabisa. Alipona, alimeza dawa mpaka mwisho, lakini alishuka uzito mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni akaifunga uzi.

Kwa hiyo kwako sheria ni hii. Nunua kipimajoto cha bei rahisi kaa nacho. Ikifika nyuzi 38, au hata haijafika lakini unatetemeka na unajisikia vibaya, maana prednisoloni inaweza kuificha homa, nenda ukapimwe malaria ndiyo, lakini kipimo kikisema hamna malaria usikubali kupewa mseto wa kubahatisha urudi nyumbani. Sema kwa sauti: natumia sindano inayoshusha kinga. Kikohozi, jasho la usiku, kukonda, tezi, tumbo kujaa, usisubiri zile wiki 2 za kikohozi za kwenye mabango ya TB. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, hamna sababu ya kuchelewa. Na ukiwa na homa au jipu au jino limeoza lina usaha, dozi ya siku hiyo isichomwe, mpigie daktari wako kwanza. Halafu elewa kwamba dawa hii ni nzito kutoka, inaweza kuchukua mpaka miezi 4 kuisha mwilini, kwa hiyo hata ukiacha leo hiyo tahadhari unaendelea nayo miezi.

Mengine niliyoyaona lakini sio kila siku: mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge wa upande mmoja unaochoma kama moto, ukiuona nenda ndani ya siku 3 za mwanzo dawa ifanye kazi. Ganzi upande mmoja au macho kuona ukungu ghafla. Miguu kuvimba na kukosa pumzi ukilala, kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi dawa hii haimfai kabisa. Michubuko isiyo na sababu na fizi kutoka damu. Hayo yote ni ya kwenda hospitali, sio ya kutafuta majibu kwenye simu.

Saratani ndo iliyokutisha zaidi nadhani. Ni kweli imeandikwa kwenye onyo, hasa saratani ya tezi za limfu, zile kama za shingoni na kwapani, na ipo aina moja adimu sana iliyoonekana zaidi kwa vijana wa kiume wenye ugonjwa wa utumbo waliochanganya na dawa nyingine iitwayo azathiopurini. Wewe sio huyo. Na baridi yabisi ikiachwa iwake miaka na miaka yenyewe inaongeza hatari ya saratani ya tezi, hilo mama mkwe hakuambiwa. Dawa hii imeruhusiwa Marekani tangu mwisho wa 2002, watu wengi mno wamefuatiliwa, na kwa wagonjwa wa baridi yabisi saratani kwa ujumla haikuonekana kupanda waziwazi, ila za ngozi kidogo. Kwa hiyo mtu mwenye ualbino aliyeandikiwa hii dawa huyo mazungumzo yake na daktari wa ngozi yawe ya karibu sana. Na mama mkwe usimgombeze, mwambie haiui kinga, inapunguza mbiu moja, na ndo maana unapimwa kwanza.

Mtoto wa pili. Nimefurahi umeuliza kabla. Methotreksati lazima iachwe mapema, wengi tunataka angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mimba, vipeperushi vingine vinaandika 6, na usiiache kimyakimya, panga na daktari. Adalimumabu yenyewe inaweza kuendelea wakati wa ujauzito ikihitajika, na kunyonyesha hakuna shida, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno na tumbo la mtoto linakisaga. Ila miezi ya mwisho ya mimba dawa inapita kwenye kondo kwenda kwa mtoto, anazaliwa nayo. Na sisi huku mtoto akizaliwa tu anachanjwa BCG, na BCG ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2010 Uingereza kuliripotiwa mtoto ambaye mama yake alitumia infliksimabu kwenye mimba, akachanjwa BCG akiwa na miezi 3, ile chanjo ikasambaa mwilini akafariki na miezi 4 na nusu. Kwa hiyo kama utakuwa ulichoma miezi hiyo ya mwisho, BCG inasubiri mpaka ipite angalau miezi 5 tangu sindano yako ya mwisho, na matone ya polio na ya rota uliza kabla hayajaingia mdomoni. Iandike kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yako ya kliniki, maana wodini nesi anapita na chanjo asubuhi wewe umelala hoi, hakuna atakayekuuliza. Mwambie na mumeo, na huyo mama mkwe mpe kazi hiyo, atailinda kuliko mtu yeyote.

Wewe mwenyewe chanjo hai usipewe ukiwa kwenye dawa, kama homa ya manjano na surua. Ukiwa na mpango wa safari inayodai kadi ya njano sema sasa hivi kabla hujaanza. Za kuuawa kama ya mafua au ya nimonia hizo ruksa, tena nzuri. Maziwa mabichi acha, hata ya ng'ombe wa shangazi unayemjua, chemsha mpaka yapande.

Prednisoloni nayo niiseme, maana watu wanaiogopa sindano wanaipenda ile vidonge kwa kuwa ni rahisi. Kwa maambukizi prednisoloni ya dozi kubwa kwa muda mrefu ni hatari pengine kuliko sindano yenyewe, na moja ya faida kubwa ya adalimumabu ni kukuwezesha kuishusha taratibu. Taratibu, narudia, usiikate ghafla, mwili umeshazoea kuitegemea unaweza kuanguka.

Na usinyooshe dozi. Ni miligramu 40 kila baada ya wiki 2, najua bei inaumiza na kuna wanaochoma mwezi huu wakaruka unaofuata ili kalamu zifike mbali, lakini mwili ukiipata kwa kurukaruka unaweza kutengeneza askari wa kuikataa dawa yenyewe, halafu haifanyi kazi tena hata ukiwa na hela. Kama pesa haitoshi muulize daktari kuhusu zile za kufanana nayo, biosimila, za India zipo tangu 2014 na bei yake iko chini kuliko Humira, adalimumabu ya kampuni ya mwanzo.

Tumalizie na zile kalamu mbili. Dawa hii ni protini, inataka nyuzi 2 mpaka 8 muda wote. Ni kama ute wa yai, ukishapata moto haurudi ulivyokuwa. Karatasi ya Humira inaruhusu siku 14 nje ya friji ikiwa joto halizidi 25, na hiyo Tanga utaipata wapi. Ikiganda ndo imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kwa hiyo muulize kaka yako na huyo mgeni: begi lilikuwa la mkononi au lilienda chini ya ndege? Kulikuwa na pakiti za barafu, na je kalamu ziligusana na barafu moja kwa moja? Zilikaa saa ngapi mpaka kwenye friji? Kwenu umeme ukikatika hukatika muda gani? Kama majibu hayaeleweki, nakuambia kwa uchungu kwa sababu najua kaka yako alijinyima, usizichome. Zipeleke kwa mfamasia wa hospitali, aangalie jina, namba ya bechi, tarehe, na akupe njia ya kuagiza kupitia famasi iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, inayopokea dawa kwenye ubaridi. Zijazo zikae rafu ya katikati, ndani ya boksi lake kukwepa mwanga, mbali na ukuta wa nyuma unaoshika barafu, kamwe sio mlangoni wala friza.

Wiki hii nenda kapige eksirei na Mantoux, uchomwe Jumatatu ili Jumatano au Alhamisi kituo kiwe wazi kusoma, ukichomwa Alhamisi usomaji unaangukia wikiendi na inabidi uanze upya. Ukishasomewa niandikie ni milimita ngapi, na prednisoloni unameza miligramu ngapi kwa siku.